Kuzibwa kwa Namba Nne

Mifuko ya saruji ilianza kuteremshwa uani saa mbili asubuhi, na kabla haujatua wa mwisho Elisaria alijua kwamba kazi yake imekwisha. Alijua tangu mwezi uliopita, barua ilipokuja, lakini kujua kwa barua na kujua kwa saruji ni mambo mawili. Barua unaikunja, unaitia mfukoni, unaendelea na chai yako.

Ua wenyewe uko mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Ukitoka getini ukapinda kulia umeshaingia katika kelele za Kariakoo. Zamani hapo palikuwa na ghala la shirika la umma la pembejeo: dawa za mibuni, dawa za pamba, dawa za nzige ambao hawakuja. Shirika lilipokufa, kama yalivyokufa mengi miaka ile ya kubinafsisha kila kilichosimama, mapipa ya dawa yaliachwa yakaoza, yakavuja, ardhi ikanywa. Baadaye wakaja wafadhili na mavazi yao meupe. Waliyafungasha mapipa, wakachimba udongo wakaupeleka Ulaya ukachomwe, na mwisho wakatoboa visima sita vyembamba, kila kimoja kipana kama kikombe cha chai, ili kila baada ya miezi mitatu maji ya chini yapimwe na ijulikane kama sumu imeondoka.

Sasa ilikuwa imejulikana. Maabara ya ng'ambo ilisema visima vyote ni safi kwa karibu miaka mitatu mfululizo. Ravindra, mfanyabiashara wa vitambaa, akaununua ua ili ajenge ghorofa la maduka, na ghorofa halijengwi juu ya visima vilivyo wazi. Ilibidi kila kimoja kijazwe saruji toka chini hadi juu, bomba likatwe chini ya ardhi, zege limwagwe juu yake, na ofisa wa mazingira atie sahihi. Baada ya hapo ardhi ingekuwa ardhi kama nyingine yoyote ya mjini, yaani ghali.

Mtu aliyechota maji hayo ya kupimwa muda wote huo alikuwa Elisaria. Enzi za shirika alikuwa mtunza ghala. Wenzake walipopunguzwa kazi, yeye aliachwa awe mlinzi na mchotaji, kwa kuwa tayari aliishi palepale, vyumba viwili nyuma ya ghala, na mkewe Agnesi. Ravindra alikuwa amemwahidi kwamba visima vikizibwa salama na karatasi zikikamilika, ataendelea kuwa mlinzi wa jengo jipya na vyumba vyake havitaguswa. Kwa mtu wa miaka hamsini na minane, katika mji ambao vijana wenye vyeti wanauza soksi barabarani, ahadi hiyo haikuwa ndogo. Ila Elisaria alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa ndani ya visima.

Kazi ya kuchota ilikuwa na sheria yake. Kabla ya kujaza chupa ya maabara, ilibidi kwanza uchote na kumwaga, uchote na kumwaga, kwa kopo refu jembamba linaloshushwa na kamba, makopo sitini kila kisima, ili maji yaliyolala ndani ya bomba yaishe, yaje maji mapya ya ardhini. Mzungu aliyemfundisha alieleza mara mbili kwa mikono na kwa mkalimani, na Elisaria akaitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni aliuona ni wazimu. Mtu wa Dar es Salaam, mji ambao maji hununuliwa kwa dumu na wanawake hushikana mashati kwenye foleni ya bomba, aamke asubuhi amwage maji makopo sitini mara sita? Mama yake mzazi angemwona amelaaniwa.

Mzunguko wa kwanza alimwaga kama alivyoagizwa, na maabara ikajibu kwamba namba nne bado ina sumu. Mzunguko wa pili mvua ilinyesha na mgongo ulimuuma. Akajaza chupa zote sita kutoka namba moja, kisima cha getini, mbali na yalipoozea mapipa, ambacho maji yake yalikuwa karibu. Akaandika lebo kwa mkono wake: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akakaa akingoja balaa. Badala ya balaa ikaja barua ya pongezi: wataalamu walifurahi kuona namba nne nayo imesafika.

Basi akaendelea. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya Elisaria ilikuwa na mizunguko kumi na mmoja, na kila mzunguko ilizidi kuwa pana na laini. Alifika mahali akaamini mwenyewe kwamba maji ni maji, na kwamba yaliyo chini ya namba moja na yaliyo chini ya namba nne ni ndugu wa tumbo moja.

*

Abbasi, fundi wa visima kutoka Buguruni, alianza na namba sita. Alishusha mpira mrefu mpaka chini kabisa, akawasha pampu, uji wa saruji uliochanganywa na unga wa udongo ukaanza kujaza kisima kutoka kitakoni kupanda juu, ukiyasukuma maji mbele yake. Maji yalichuruzika mdomoni mwa bomba, yakatapakaa uani, na nyuma yake ikaja saruji. Ilikuwa kazi safi. Paskalina, ofisa wa mazingira, mama wa makamo mwenye viatu vya raba na uso usiopenda mzaha, alisimama na fomu zake akiandika kina, idadi ya mifuko na saa.

Saa nne wakafika namba nne, iliyo hatua kumi tu kutoka jiko la Agnesi. Paskalina alikuwa amekwenda getini kumpokea Ravindra. Abbasi aliinama afungue kufuli akaona halina kutu, limepakwa mafuta ya kupikia. Alipofunua kifuniko, akavuta kamba iliyofungwa kwa ndani, akatoa kopo la kuchotea likiwa limejaa.

"Mzee, hii vipi?" aliuliza. "Huku kuna mtu anachota maji."

Elisaria alikuwa akiitazama kamba. Haikuwa kamba ya nailoni aliyopewa na wafadhili. Vilikuwa vipande vya kanga vilivyosokotwa pamoja, kanga ya mkewe, ile ya rangi ya zambarau iliyochanika mwaka jana. Alimnyang'anya Abbasi kopo, akasema ni lake la akiba, akaenda nalo jikoni akitembea upesi kuliko umri wake.

Agnesi alikuwa akikoroga mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Binti yao Angela alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mumewe ni dereva wa malori ya Zambia, na kama ilivyo kwao Uchagani alikuja kwa mama yake auguzwe uzazi. Miezi mitatu mzazi hatoki nje, hashiki kazi, hachoki. Anakula mtori asubuhi na jioni, anakandwa kwa maji ya moto, ananenepeshwa mpaka watu wa kwa mumewe waone aibu ya kwao. Agnesi alikuwa na binti huyo mmoja tu, na uzazi huo alikuwa ameungojea miaka sita. Hangeufanya nusunusu kwa sababu ya ukata wa mjini.

"Mama Angela," Elisaria alisema, "umechota maji kisimani?"

Agnesi hakujificha. "Tangu Angela atoke hospitali. Hii ni wiki ya saba. Bombani hakuna kitu, na ya mkokoteni yana chumvi mpaka maziwa yanakatika. Mzazi aoge mara mbili, mtoto mara mbili, na mtori. Ningeyatoa wapi?"

"Nani alikupa ruhusa?"

"Wewe. Ulinisomea karatasi hapa hapa: namba nne, safi. Nikasema Mungu ametukumbuka, kisima mlangoni. Funguo nachukua ukilala mchana."

Elisaria aliuliza kama na mtoto anayanywa. Aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama sufuria. Agnesi akamweleza kama mtu anayemweleza mwanamume mambo ya jikoni: mtoto anamwogesha nayo, na humpa vijiko viwili vitatu vya uvuguvugu tumbo lisimsokote. Anayachemsha kwanza, yeye si mshamba.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Elisaria. Lilikuwa fupi, hata mtoto wa chekechea angeliweza kulitamka. Lakini kulitamka mbele ya mwanamke huyu aliyeshika mwiko, aliyeoana naye miaka thelathini iliyopita na aliyekuwa akijivuna kwa jirani kwamba mumewe ni mtu wa maabara, kulimshinda. Akasema tu asichote tena, ni mali ya serikali. Agnesi akacheka, akamwambia hicho si kinazibwa leo, kuna nini cha kukataza.

Hapo Angela akaita kutoka ndani. Hakupiga kelele, aliita "Mama" kwa namna iliyomfanya Agnesi aache mwiko ndani ya mtori. Kichanga kilikuwa kimekakamaa kitandani, macho yamepanda, mikono ikichezacheza yenyewe. Wiki nzima kilikuwa kikishtukashtuka na Agnesi alisema ni ndoto. Sasa hakuna aliyesema ni ndoto.

Mzazi hatoki nje kabla ya miezi mitatu. Angela alitoka, kichwa na mabega amefunikwa kanga mbili, akipita katikati ya mafundi na mifuko ya saruji huku mama yake amembeba mtoto mbele. Mafundi waligeuza nyuso. Ravindra, aliyekuwa akiingia getini na Paskalina, aliwaona akauliza kuna nini, na bila kungoja jibu akamwambia dereva wake awapeleke zahanati kwa gari yake. Huyu ndiye mtu ambaye Elisaria alikuwa akimwogopa.

"Na wewe si uende nao?" Ravindra alimwuliza.

Elisaria alisema kwamba mama yake yupo, inatosha, na kazi haijaisha.

*

Paskalina alitandaza fomu ya namba nne juu ya kifuniko cha pipa, akamwita Elisaria.

"Hapa ni mstari wa mchotaji," alisema. "Unathibitisha kwamba kila chupa ilichotwa kwenye kisima kilichoandikwa kwenye lebo yake. Hiki ndicho kiliwahi kuwa na sumu, kwa hiyo nakuuliza kwa mdomo pia. Kama una shaka hata kidogo, sema sasa. Nitachukua chupa moja ya mwisho, tungoje majibu wiki tatu. Saruji ikishaingia, hata Mungu akitaka maji ya hapa hayapati."

Wiki tatu. Elisaria alimtazama Ravindra, na Ravindra akatabasamu kwa uchovu. Alisema yeye hana neno, sheria ni sheria, ingawa nyumba anayolala na watoto wake ameiweka rehani benki kwa ajili ya ua huu na benki haina uvumilivu. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa, lakini Elisaria alisikia ndani yake mlango wa vyumba vyake viwili ukifungwa, na nyuma ya huo mlango mwingine, wenye nondo. Sahihi zake za uongo zilikuwa kumi na moja kwenye faili. Nani angemsikiliza mzee mwenye sahihi kumi na moja?

"Hakuna shaka, mama," akasema, akatia ya kumi na mbili.

Paskalina na Ravindra waliingia ofisini kukamilisha karatasi za namba tano na sita. Elisaria akabaki na Abbasi. Mpira ulishushwa, pampu ikawashwa, na maji ya namba nne yakaanza kupanda.

Mwanzoni yalikuwa meupe kama maji ya visima vingine. Kisha yakaja ya chini, yale ambayo kopo la Agnesi lilikuwa likiyachota kila asubuhi kwa wiki saba, na yale ya chini zaidi. Yalikuwa na utando juu kama wa supu iliyopoa. Harufu ikatanda uani, na Elisaria akaijua kabla haijamfika vizuri puani. Ilikuwa ya bomba la dawa alilobeba baba yake mgongoni kule Machame wakati wa kupulizia mibuni, siku ambazo watoto walikatazwa kusogea shambani na kuku walifungiwa. Miaka ishirini alikuwa ameipokea ghalani kwa pipa na kuitoa kwa pipa. Hakuna mtu Tanzania nzima ambaye angeweza kuitambua vizuri kuliko yeye.

Abbasi, aliyevaa ndala, aliruka nyuma maji yalipomgusa miguu.

"Mzee, maji gani haya? Yananuka dawa."

Elisaria aligeuka akatazama mlango wa ofisi.

"Nizime pampu? Nimwite yule mama?"

Kulikuwa na nafasi. Saruji ilikuwa haijafika nusu ya bomba, na maji ya kujaza chupa elfu yalikuwa yakimwagika miguuni pao bure. Elisaria aliwaza chupa moja tu. Aliwaza pia mahakama, faili, uso wa Paskalina, na zaidi ya vyote uso wa Agnesi siku atakapojua ni nini alichokuwa akikichemsha. Ni uso huo uliomshinda, si jela. Angeweza kukaa jela.

"Endelea," alisema. "Ni maji ya zamani, yaliyolala bombani. Hunuka hivyo."

Abbasi alimtazama muda mrefu kuliko kijana anavyomtazama mzee. Halafu akatikisa kichwa, akasema yeye analipwa kwa kisima, akaongeza mwendo wa pampu. Saruji ilitokea juu saa sita na robo, nzito na ya kijivu. Walikata bomba, wakamwaga zege, Abbasi akasawazisha kwa kipande cha ubao. Harufu ikakauka na jua.

*

Saa saba gari ya Ravindra ikarudi. Agnesi alishuka peke yake, kanga imelegea, akapita bila kumsalimu mtu mpaka alipomkuta mumewe nyuma ya ghala akinawa mikono kwa mara ya nne.

Alieleza kwa haraka, akiwa amesimama. Daktari ni kijana, mwanangu kabisa, alisema, lakini anajua kazi. Amempima mtoto damu, hana malaria. Hana homa. Degedege bila homa, na macho yake yanamtia wasiwasi. Kwenye kadi ameandika neno moja, sumu, akaweka alama ya kuuliza. Akamwuliza Agnesi mbele ya foleni nzima kama amempa mtoto dawa za kienyeji, maana mabibi wa kutoka vijijini ndivyo walivyo. Nesi akacheka. Hayo Agnesi angeyameza. Lililomkata ni kwamba Angela, amekaa kwenye benchi na matiti yanamvuja, aligeuka akamtazama mama yake.

"Nikamwambia sijampa kitu ila maji. Akauliza maji gani. Nikamwambia ya kisima chetu, yanapimwa Ulaya. Akasema kama yana lolote, gari ya wagonjwa inaondoka saa nane kwenda hospitali kubwa, huko ndiko kuna dawa ya kuondoa sumu, na mtoto akiwahi leo atapona. Kama maji ni safi, basi atamchoma sindano ya degedege arudishwe nyumbani, aonwe tena Jumatatu. Gari ina nafasi moja tu na wanaoisubiri ni wengi, hampeleki mtu kwa kubahatisha. Anataka karatasi ya majibu, na mchotaji aandike kwa mkono wake."

Alivuta pumzi. Kisha akasema taratibu, na hili ndilo alilolijia:

"Baba Angela, mimi sijamlisha mtoto sumu. Niandikie nikamwonyeshe. Niandikie na Angela aione."

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Hawakusema kinampata nini anayeficha maradhi ya mwenzake. Elisaria alimpenda mjukuu wake. Hilo lazima lisemwe kwa kuwa ni kweli, ingawa halikusaidia kitu. Alimpenda na mkewe. Alisimama mbele yake akihesabu: akisema ndiyo, sumu, mtoto anapanda gari ya saa nane, na mwanamke huyu anaishi miaka yake yote iliyobaki akijua kijiko kilitoka mkononi mwake na uongo ulitoka mdomoni mwa mumewe. Akisema hapana, labda ni degedege tu. Watoto wangapi wameshikwa na degedege wakakua wakawa mapadri? Jumatatu si mbali. Kisima kimeshazibwa, hatakunywa tena.

Ndivyo mwoga anavyohesabu. Hujumlisha yote isipokuwa lile moja.

Alikwenda ofisini, akaomba nakala ya majibu, na Paskalina akampa bila maswali, kwa kuwa ni haki yake. Ravindra aliuliza hali ya mtoto, akasema dereva yupo, amsubiri mama mpaka mwisho. Elisaria aliweka karatasi juu ya pipa, akaigeuza, akaandika kwa nyuma: Mimi niliyechota, nathibitisha kuwa maji ya kisima namba nne ni safi. Akaandika tarehe. Akatia sahihi.

Agnesi aliisoma palepale, midomo ikicheza. Alipomaliza alimtazama mumewe machoni.

"Ni kweli yote haya?"

"Kweli."

"Basi Mungu akubariki," alisema, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu zahanati yakamtoka. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akakimbilia gari.

Alifika ikiwa imebaki robo saa. Daktari aliisoma karatasi mbele na nyuma. Alimwomba Agnesi radhi kwa maneno ya asubuhi, Angela akisikia. Kisha akachukua kalamu, akafuta neno sumu kwenye kadi ya mtoto, na nafasi ya kwenye gari akampa mgonjwa aliyekuwa akifuata.